Orodha ya Mbolea Isomwe Barazani

Hotuba hii niliitoa mbele ya wakulima wenzangu wa Trans Nzoia, chini ya mti, wiki chache kabla ya mvua za kupanda. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Bwana Chifu, wazee wetu wa vijiji, maafisa wa kilimo mliotoka wadi na kaunti, kina mama, kina baba, na vijana mliosimama kule nyuma kwenye pikipiki: hamjambo? Asanteni kwa kufika. Najua kila aliyekaa hapa ameacha kazi. Kuna walioacha zamu ya trekta, na mwezi huu zamu ya trekta ukiikosa leo huipati kesho. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu.

Kila msimu serikali inatoa pesa kwa jina la mkulima wa kaunti hii kupitia mbolea ya ruzuku. Ninaomba kwamba kila msimu orodha ya waliopewa mbolea hiyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya chifu, na isomwe barazani kwa sauti. Jina la mtu, kijiji chake, ekari alizoandikiwa, mifuko aliyopangiwa, mifuko aliyochukua. Basi. Nimekuja kueleza kwa nini.

Nianze na hesabu, maana tumezoea kuiita mbolea ya bei nafuu, na jina hilo linatusahaulisha kwamba ni pesa. Mnakumbuka 2022. Vita vilipoanza Ukraine mwezi wa Februari, bei ya mbolea ambayo tayari ilikuwa juu ikazidi kupaa, na mfuko wa kilo 50 ukafika 6,500. Wengi wetu hapa tulipanda kwa kunyunyiza kidogo kidogo kama chumvi kwenye mboga. Septemba mwaka huo serikali mpya ikatangaza kwamba mfuko utauzwa 3,500. Mwaka uliofuata ukashuka hadi 2,500. Tulishukuru, na mimi bado nashukuru. Lakini ile 3,000 iliyotolewa kwenye bei ya 2022 iliingia mahali. Kuna mtu aliyeilipa. Tuliilipa sisi sote, kwa kodi iliyo ndani ya sukari, ndani ya mafuta ya taa na ndani ya kila shilingi unayotuma kwa simu.

Ekari moja ya mahindi, kwa kawaida yetu, inataka mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Mwenye ekari 3 anachukua mifuko 6, na kwa bei ile ya 2022 serikali imemlipia shilingi 18,000. Mwenye ekari 100 anachukua mifuko 200, na amelipiwa shilingi 600,000. Sisemi kwamba mwenye ekari 100 ni mtu mbaya. Mahindi yake yanaliwa Nairobi, na vibarua wake ni watoto wetu. Ninachosema ni kwamba laki sita ni pesa ya umma. Kaunti ikijenga zahanati, ubao unasimamishwa pale barabarani ukitaja mkandarasi na kiasi anacholipwa. Majina ya watoto waliopata basari tumeyaona yakibandikwa ukutani. Hata daftari la wapiga kura hufunguliwa tukalikague. Kwa nini mbolea ije kwa meseji ya simu inayotaja mifuko uliyopangiwa, mtu aifungue peke yake, na jirani yake asijue kama alipangiwa mifuko miwili au mia mbili?

Sasa niwaambie yaliyonipata mimi, kwa sababu hapo ndipo wazo hili lilipozaliwa. Sikulitoa kwenye kitabu.

Mume wangu alifariki 2021. Wengi wenu mlikuja kwenye mazishi, na sijasahau. Mwanzoni mwa 2023, wakulima walipoandikishwa upya nchi nzima kwenye mfumo wa kompyuta, kijana wa kuandikisha alifika kwangu. Kijana wa heshima, alivua kofia kabla ya kunisalimia. Nikampa kitambulisho changu, nikampa nambari yangu ya simu, nikamtembeza shambani mpaka kwenye ule mgrevilea ulio mpakani. Ekari 3. Akabonyeza simu yake, akashukuru, akaenda.

Machi ikafika. Jirani yangu wa juu akapata meseji. Jirani wa chini akapata. Mimi nililala na simu chini ya mto. Mvua ya kwanza ikanyesha, ya pili ikanyesha, na yule anayejua kilimo cha hapa anajua kwamba kila siku unayochelewa baada ya mvua ya pili unailipa wakati wa kuvuna. Nikapanda bodaboda nikaenda kuuliza kwenye ghala moja. Nilipanga foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa saba. Karani akaingiza nambari ya kitambulisho changu, hakupata kitu. Nikamwambia jaribu ya marehemu. Akajaribu, kisha akageuza kioo cha kompyuta kidogo ili nione. Jina la mume wangu lilikuwa pale. Ekari 3. Mifuko 6. Meseji imetumwa. Ilitumwa kwa nambari ya mtu aliyekuwa kaburini mwaka wa pili. Mahali fulani kati ya yule kijana mwenye kofia na lile ghala, mtu alikuwa amenakili daftari la zamani akaliacha lile jipya.

Nikatoka nje, nikasimama kando ya lori, nikaipiga ile nambari. Ndugu zangu, nambari hiyo naijua kwa kichwa kuliko yangu mwenyewe, nimeipiga miaka kumi na minane. Ikaita. Akapokea kijana, sauti changa. Akasema yuko Mombasa, anauza viatu vya mitumba Kongowea, na laini ile aliinunua dukani mwaka uliotangulia. Nikamweleza mimi ni nani. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mama, pole sana. Hiyo meseji ninayo. Nilidhani ni matapeli." Akanisomea neno kwa neno, jina la mume wangu likitoka kwenye kinywa cha mtoto ambaye hakumjua, nami nikaliandika nyuma ya pakiti ya mbegu. Akanitumia ile meseji palepale. Mungu ambariki popote alipo.

Nilirudi ndani nikamwonyesha karani. Akasema haiwezekani, malipo lazima yatoke kwenye nambari ileile iliyo kwenye mfumo. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Nilinunua mifuko 2 kwenye agroveti kwa bei ya duka, pesa za karo ya muhula wa pili, na hiyo miwili nikaigawa kwa ekari 3. Wale tunaopima mbolea ya kupandia kwa kifuniko cha soda mnanielewa. Badala ya kifuniko kilichojaa, nilitia nusu, na kule chini karibu na mto nikatia robo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimevuna magunia 52. Mwaka huo nilivuna 29.

Na kuna kipande cha mwisho. Msimu uliofuata, afisa mmoja mwema alinisaidia kurekebisha jina. Alipofungua rekodi ya mwaka ule, ilionyesha mifuko 6 imechukuliwa. Mimi sikuichukua. Kijana wa Kongowea hakuichukua. Sijui iliota shamba la nani.

Sasa fikirini. Kama ile orodha ingekuwa imebandikwa hapo ukutani mwezi wa Februari, kosa lile lingeishi saa ngapi? Mzee wa kijiji aliyesimamia kuchimbwa kwa kaburi la mume wangu amekaa pale, kwenye kiti cha pili. Angelisikia jina hilo likisomwa, angesimama palepale aseme, "Huyo tumemzika. Andikeni mama." Kazi imekwisha. Ingechukua dakika mbili na isingegharimu hata shilingi ya muda wa maongezi.

Mfumo wa kompyuta ni kitu kizuri, na nawaomba msinisikie vibaya maafisa wetu. Mimi nakumbuka enzi za kuandikiwa karatasi, unakwenda kwa chifu, unakwenda kwa afisa wa kilimo, unakwenda mjini, kila mahali muhuri, na mwisho unaambiwa mbolea imekwisha. Mfumo umepunguza hayo. Idadi ya mifuko inafuata ekari zilizoandikwa, meseji inakuja, unalipa kwa simu. Lakini kompyuta inajua tu kile ilichoambiwa. Mtu akiandikiwa ekari 30 mahali ana ekari 5, kompyuta itampangia mifuko ya ekari 30 bila kushtuka. Haijui mpaka wa shamba uko wapi. Hapa kijijini nani asiyeujua? Sisi tunajua hadi mti uliokatwa mpakani miaka ya themanini na nani aliukata. Ukaguzi huo tunao tayari, umekaa hapa kwenye nyasi, haulipwi mshahara, na hakuna anayeuuliza swali.

Kuna jambo la kukodisha ambalo linaniuma zaidi, na naona vichwa vikitikisika kabla sijalisema. Kaunti hii watu wengi wanalima mashamba ya kukodi. Mwenye shamba yuko Nairobi, au yuko Eldoret, au ni mzee ambaye nguvu zimekwisha. Anamkodishia kijana ekari 4 kwa mwaka. Lakini aliyeandikishwa nani? Mara nyingi ni mwenye shamba. Basi Machi meseji inaingia kwenye simu ya mtu ambaye hatashika jembe mwaka huo, na kijana anayelima anakwenda dukani kununua kwa bei kamili. Wengine, waungwana, wanampelekea yule aliyekodi ile meseji. Wengine wanamuuzia. Wengine wanachukua mifuko wanaiuza kwa madalali, na baadaye unaikuta kwenye duka la mtu kwa bei ya katikati. Pesa iliyotolewa ili mahindi yaote imegeuka kodi ya pili ya shamba. Mwenye shamba huyo hajavunja kitu kikubwa machoni pake, maana jina ni lake na ardhi ni yake. Lakini orodha ikisomwa, "fulani, ekari 4, mifuko 8," na kila mtu anajua ekari zile zinalimwa na nani, hapo tutazungumza. Labda tutakubaliana kwamba aandikwe anayelima, akiwa na karatasi ya makubaliano iliyoshuhudiwa na mzee wa kijiji. Labda kuna njia bora kuliko hiyo. Hatuwezi kuitafuta tukiwa gizani.

Na wajane, na mabinti walioachiwa mashamba, na wale ambao hati ya shamba bado iko kwa jina la babu. Mnajua historia ya ardhi hapa. Wazee wetu walinunua hisa kwenye makampuni ya ardhi, wakagawana mashamba makubwa ya walowezi, na hadi leo kuna familia zenye karatasi ya hisa tu na kumbukumbu ya mzee. Mtu wa namna hiyo akikosa jina kwenye mfumo hana pa kuanzia. Atamlalamikia nani, na atathibitisha vipi kwamba alisahaulika, ikiwa hajui hata nani hakusahaulika?

Niseme kidogo kuhusu zamani, kwa sababu kuna wanaodhani ruzuku ni zawadi ya juzi. Katika ardhi hii hii, mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuongeza mavuno. Mlowezi aliyelima mahindi au ngano alihakikishiwa bei, na alihakikishiwa malipo ya chini kwa kila ekari hata mavuno yakiharibika. Mwaka huohuo ukaanzishwa udhibiti wa mahindi, na Mwafrika akauza gunia lake kwa bei ya chini kuliko gunia la Mzungu. Mahindi yaleyale. Babu zetu waliyapalilia mashamba hayo kwa mkono, na hakuna aliyewaambia ni kiasi gani kililipwa kwa ekari waliyokuwa wakiipalilia. Nikikumbuka hilo, suala la kujua si dogo kwangu.

Tukaja kwenye uhuru, yakaja na kwenda mengi. Miaka ya tisini mwanzoni serikali ikajiondoa kwenye bei ya mbolea, ikaachia soko. Mwaka 2007 ukaja mpango wa kuwafikia wakulima wadogo kwa pembejeo, na ule wa Kilimo Plus ulimpa mkulima maskini mbegu na mbolea za ekari moja. Mwaka 2008 bei zilipopanda duniani, na sisi tumetoka kwenye machafuko ya uchaguzi, mbolea ya serikali ikaanza kuuzwa kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka. Kila mpango ulikuja na orodha yake. Kila orodha ilikaa kwenye faili la mtu.

Mwaka 2018 tulionjeshwa matunda ya hilo. Bodi ilikuwa ikinunua gunia la kilo 90 kwa 3,200, bei nzuri kuliko ya sokoni, na hiyo nayo ilikuwa ruzuku. Malori yalijipanga hapa Kitale na kule Moi's Bridge, wakulima wakilala chini ya malori yao wiki nzima, wake wakiwaletea uji. Wakati huo wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuuza mahindi mengi kwa Bodi na kulipwa, na mkulima wa kweli anaambiwa pesa zimekwisha. Seneti iliunda kamati maalumu kuchunguza. Tuligundua lini? Tuligundua majina ya waliolipwa mamilioni yalipoanza kutajwa bungeni na magazetini. Ndipo watu wa hapa waliposema, "Huyu? Huyu ana shamba wapi?" Swali hilo liliulizwa na wanakijiji, na liliulizwa baada ya pesa kutoka.

Halafu 2024. Machi, wakati wa kupanda, waandishi wa habari wa Africa Uncensored walionyesha kwamba mifuko iliyouzwa kama mbolea ya ruzuku ilikuwa na kitu kingine ndani yake. Tarehe 2 Mei wabunge 149 walipiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo wakati huo, Mithika Linturi, na kamati maalumu ya wabunge 11 ilipokaa, wengi wao 7 wakasema madai hayakuthibitishwa. Hayo yana wenyewe. Mimi nawarudisha shambani. Serikali iliahidi kuwafidia walionunua mbolea ile. Sasa, mtu aliyenunua kwa jina la mume marehemu, au kwa simu ya jirani, au kwa meseji aliyouziwa na mwenye shamba, angejitokezaje? Kwenye mfumo yeye hayupo. Mahindi yake yaliyobaki mafupi, majani yamegeuka zambarau, hayakuwa ushahidi wa kitu.

Najua mna maswali, na mengine nimeulizwa tangu asubuhi nilipokuwa nikipanga viti. La kwanza ni siri za mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ni sheria nzuri, mimi naitaka iheshimiwe. Kwa hiyo sitaki nambari ya kitambulisho ibandikwe, sitaki nambari ya simu, sitaki hata nambari ya shamba. Jina, kijiji, ekari, mifuko. Hivyo vinne hapa kijijini tayari vitatu tunavijua kwa macho.

Watu wengine walishapita njia hii. Marekani, malipo ya serikali kwa wakulima yanaonekana hadharani, kaunti kwa kaunti, jina kwa jina. Kuna shirika linaloitwa Environmental Working Group ambalo limeyakusanya malipo ya tangu 1995, na mtu yeyote anaweza kutafuta kaunti yake akaona nani kalipwa na kiasi gani. Kwa kuona hivyo ndipo Wamarekani walipojua kwamba sehemu kubwa mno ya malipo ya mazao inawaendea wachache wenye mashamba makubwa kabisa, na wengine wanaopokea wanaishi mijini. Wanabishana hadi leo, lakini wanabishana wakiwa na karatasi mkononi. Ulaya nako wakulima kutoka Ujerumani walikwenda mahakamani kupinga majina yao kutangazwa, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakubaliana nao kwamba utangazaji ule ulikuwa umepita kiasi kwa watu binafsi. Wakubwa wa Ulaya wakakaa tena, wakatunga kanuni mpya: majina yatangazwe, lakini wapokeaji wa kiasi kidogo wafichwe.

Nimelifikiria hilo la kuwaficha wadogo. Ni wazo la busara kwa Ulaya. Kwetu sidhani linafaa, kwa sababu hapa mdogo ndiye anayepotea. Tukiwaficha wenye mifuko 2 na 4 na 6, mimi mwenyewe nisingeonekana, na hakuna ambaye angelisikia jina la marehemu likisomwa.

Swali la pili nimeulizwa na mama mmoja kwa sauti ya chini, na namheshimu kwa kuliuliza. Amesema, "Mwalimu, wivu je? Wakijua nina mifuko ishirini si watakuja usiku?" Mama, ni kweli, hofu hiyo ipo na sitaidharau. Lakini mifuko ishirini ikishuka kwenye lori mbele ya lango lako mchana, kijiji kizima kimeiona. Mwizi hangoji ubao wa chifu. Orodha isomwe kabla ya mbolea kutoka, tuikosoe, tusahihishe. Hiyo ya waliochukua isomwe baada ya kupanda, wakati mifuko imekwisha kuingia ardhini. Hapo hakuna cha kuiba.

Kuhusu udongo wenyewe nitagusa tu. Mashamba yetu mengi yamekuwa na asidi kwa sababu ya kutia mbolea ileile ya kupandia mwaka baada ya mwaka, na kuna mahali mfuko wa chokaa ungesaidia kuliko mfuko wa pili wa mbolea. Afisa wetu wa kilimo yuko hapa, amenong'ona nisisahau kuwaambia mpeleke udongo ukapimwe. Nimesema. Hiyo inahitaji mkutano wake.

Sasa tufanye nini leo? Wengine watasema tuandamane. Mimi nina umri wa kutembea taratibu, na nimepata njia ambayo naiweza. Katiba yetu, Ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Kupata Habari ili haki hiyo iwe na miguu. Nimeisoma kwa miwani yangu hii, usiku, mara mbili. Inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, jamani. Inasema mtu asiyejua kusoma na kuandika asaidiwe na afisa husika, ombi lake liandikwe. Inasema hutozwi ada kwa kuwasilisha ombi. Inasema ujibiwe mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya siku 21, isipokuwa wakiomba kuongezewa muda kwa sababu maalumu. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale tunaowaita Ombudsman.

Na msidanganywe mkarushwa kati ya kaunti na Nairobi. Katiba imeipa kaunti kazi ya kilimo cha mazao, na imeipa serikali ya kitaifa kazi ya sera. Mpango huu wa mbolea unaendeshwa na serikali ya kitaifa, lakini wanaoandikisha na wanaohakiki wako hapa kwetu. Kwa hiyo barua yangu ina nakala mbili. Moja itakwenda kwa wizara, moja kwa idara ya kilimo ya kaunti. Atakayesema haimhusu, atuandikie kwamba haimhusu, tuwe na saini yake.

Bwana Chifu, nawe nakuomba hadharani, maana ubao ni wako. Hatukuombi utoe kitu kisichokuwa mikononi mwako. Tunakuomba utuachie nusu ya ubao ule, upande wa kulia usiopigwa na mvua, na utupe saa moja ya baraza mwezi wa Februari. Wazee wa vijiji watasoma majina ya vijiji vyao, kila mmoja kijiji chake. Atakayekosa jina ainue mkono. Atakayesikia jina la marehemu ainue mkono. Atakayesikia ekari ambazo hazipo, na huyu ndiye atakayehitaji ujasiri, naye ainue mkono, na tumsikilize bila kumzomea, na anayetajwa apewe nafasi ya kujieleza, kwa sababu huenda amekodi ekari nyingine upande wa pili wa mto ambazo sisi hatuzijui.

Barua iko hapa mezani, chini ya hili jiwe ili upepo usiichukue. Ina ukurasa mmoja. Nimeiandika kwa mkono na binti yangu ameipiga chapa. Haina matusi, haimtaji mtu. Inaomba orodha ya msimu uliopita na ya msimu huu kwa kata yetu, yale mambo manne tu niliyoyataja. Jina langu ni la kwanza. Chini yake nimeacha mistari 60, na kuna karatasi nyingine ikijaa hiyo. Anayetaka kuisoma kwanza aisome, na asiyeona vizuri, binti yangu atamsomea. Kalamu ziko tatu. Kina mama wenye watoto mgongoni wapite mbele kwanza, jua limekuwa kali.